Kipimo cha Pili

Kanisani kwetu bibi harusi hakodi gauni. Magauni ya kukodi ya hapa mjini yana mabega wazi na mgongo uliokatwa hadi kiunoni, na wamama wa kamati walishasema zamani kwamba hakuna atakayesimama madhabahuni kama mtu anayekwenda kuogelea ziwani. Kwa hiyo waliwaleta mabibi harusi kwangu. Nina cherehani mbili mtaani Nyakabiga, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi, na kwa miaka kumi na minne nimeshona karibu kila gauni jeupe lililopita mlango wa kanisa letu: shingo juu, mikono hadi kwenye kifundo, bitana mbili kwa mbele ili mwanga usipenye. Hata vile vitenge vinavyowekwa mlangoni, ambavyo wamama wa mapokezi huwafunga wageni waliokuja na sketi fupi, pindo zake nilizipinda mimi. Nilijivunia kazi hiyo kuliko ninavyopenda kukiri sasa.

Bibi harusi hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza ni wiki ile uchumba unapotangazwa, mara ya pili ni wiki mbili kabla ya harusi. Kila fundi hufanya hivyo, maana wasichana hukonda kwa mawazo. Lakini kwetu kipimo cha pili kilikuwa na kazi nyingine. Kesho yake mama mwenyekiti wa kamati alikuwa anapita kwangu, anakaa kwenye kiti cha wateja, anaomba maji ya kunywa, anaulizia hali ya nyumbani, halafu anauliza kiuno kimefika wapi. Nami nilikuwa nafungua daftari. Msichana aliyeongezeka hakuvaa nyeupe. Ndoa yake ilifungwa siku ya kazi, ofisini kwa mchungaji, bila kwaya wala shela, akiwa amevaa kitenge. Katika miaka yote hiyo nilisema habari za wasichana watatu, na wote watatu walikuwa na mimba kweli. Hilo ndilo lililonivimbisha kichwa.

Sikuuona kuwa umbea. Tulifundishwa kwamba mwili si mali yako, umekabidhiwa tu, na siku moja utarudishwa kwa mwenyewe ukiwa safi au ukiwa na madoa. Sisemi mafundisho hayo yalikuwa mabaya yote. Nilikua katika miaka ya vita, wakati mwili wa msichana katika mji huu ulikuwa hauna wa kuulinda, na sketi ndefu pamoja na kundi la wamama wakali vilikuwa kitu cha kujisitiri nyuma yake. Niliwapenda wamama wale. Mpaka leo sijui kuwachukia vizuri.

Binti wa dada yangu nilimlea tangu ana miaka tisa, dada alipofariki. Alikuwa na sauti nzuri, akaimba kwaya, na alikuwa mcheshi wa kuudhi, wa kuiga mwendo wa kila mtu mpaka unamfukuza jikoni. Ila kwa mambo ya mwili alikuwa mtoto wangu kabisa. Alioga amefunga kitenge kifuani hata akiwa peke yake na mlango una komeo. Nilimfundisha hivyo. Nilimwambia mwanamke mwenye adabu hajitazami zaidi ya lazima, naye akatii. Mambo ya kila mwezi hatukuyataja nyumbani. Kila mtu alikuwa na ndoo yake na kamba yake ya kuanikia, nyuma ya nyumba, chini ya nguo nyingine. Nilidhani hayo ndiyo malezi.

Mchumba wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kanyosha, kijana mpole ambaye mashati yake yalipigwa pasi mpaka kola zikang'aa. Kipimo cha kwanza cha kiuno cha binti kilikuwa sentimita sitini na nane. Cha pili kikawa sabini na tano.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

"Navuta, mama mudogo."

"Vuta tena."

Akacheka. "Ni chakula yako. Unanipakulia kama mutu wa kulima."

Sikucheka. Nilipima mara tatu, nikaandika, nikafunga daftari. Ningeweza kumuuliza. Tulikuwa wawili tu mle chumbani na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini kuuliza kungekuwa kulitaja tumbo lake kwa kinywa changu, na kinywa changu hakikuzoea. Kama ningeuliza, angenieleza kwamba kila mwezi alikuwa anatoka damu siku kumi, na kwamba kulikuwa na kitu kigumu chini ya kitovu alichodhani ni gesi. Hayo yote nilikuja kuyasikia baadaye, mbele ya watu nisiowajua.

Mama mwenyekiti alikuja kesho yake saa nne asubuhi. Safari hii hakuomba maji.

"Mama fundi, huyu ni mutoto wako," akasema. "Sasa utuambie yake vile ulikuwa unasema ya wengine."

Aliongea kwa upole kabisa. Nilifikiria wale wasichana watatu na mama zao, ambao bado tunakaa nao benchi moja. Nilifikiria watakavyosema nikimficha wa kwangu. Nikamsomea zile namba, ya kwanza na ya pili, kwa sauti ya kawaida.

Jumamosi walimwita. Nyuma ya kanisa kuna chumba cha kuwekea ngoma na spika, na ndani yake kuna benchi refu. Wamama watatu waliingia naye. Mimi nilibaki nje nimeshika viatu vyake, kwa sababu alivivua mlangoni na sikujua niviweke wapi. Nilisikia wanamwambia alale. Nilimsikia akisema apana, kisha nikamsikia amenyamaza. Walimbonyeza tumbo, na mmoja wao, aliyezaa watoto wanane, akatoka nje anafuta mikono kwenye kitenge chake kama aliyetoka kukanda unga. "Miezi ine," akasema.

Mchumba alinunua kile kipimo cha duka la dawa, cha mkojo, kikaonyesha hakuna kitu. Mama mwenyekiti alikitazama kwa mbali. "Hizi vitu za Wachina," akasema, basi. Kijana akaapa mbele ya mchungaji kwamba hajawahi kumgusa. Maskini, hakujua anazidi kumzamisha. Watu wakaanza kuulizana, kama si yake, ni ya nani?

Jioni ile binti alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

"Mama mudogo, weye unaniamini?"

Nikamwambia, "Tubu tu, mwanangu. Mungu anasamehe."

Alinitazama kidogo, akainuka, akaenda kulala kwake.

Walifungishwa ndoa siku ya Jumanne, ofisini, watu tisa tu. Kijana alivaa suti yake yote kamili na tai, kana kwamba kanisa limejaa. Kwa hilo namheshimu mpaka kesho. Binti alivaa kitenge cha kijani nilichomshonea kipana, chenye marinda tele kwa mbele, na mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya mgongoni.

Wakahamia Kanyosha. Wamama wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Nilikwenda kumtembelea mwezi wa pili wa ndoa yao na mkungu wa ndizi, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, uso umepauka, tumbo limejitokeza wazi. Akaniambia linamuuma, na kwamba damu inatoka. Nikamwambia mimba ya kwanza ndivyo ilivyo, atulie, apunguze kubeba maji. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, mi nataka nimupeleke ospitali," akasema. "Yeye anakataa."

"Nikienda, wanitibu, nirudi na tumbo ndogo," binti akajibu, "watasema nini pale kanisani? Watasema nimeenda kuitoa."

Ningeweza kusema waseme. Ningeweza kumbeba mgongoni siku ile ile. Nilikaa pale nikaona ana hoja. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri na kunifanya nikae kitandani nikijitukana. Niliona kweli watasema, nikaona afadhali angoje azae, halafu mambo yatajisahau yenyewe. Nikamuachia ndizi, nikarudi mjini.

Wiki saba baadaye mume wake alinipigia simu. Binti alikuwa ameanguka akifua. Nilifika hospitali mchana, nikamkuta chumba cha wanawake, chupa ya damu imetundikwa juu yake, na mume amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika mguu mmoja wa mkewe juu ya shuka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mdogo kuliko mabibi harusi wengine niliowashonea. Alitueleza taratibu, kwa Kifaransa kidogo, akarudi kwenye Kiswahili.

"Haiko mimba," akasema. "Haijakuwa mimba hata siku moja. Ni fibrome, uvimbe wa kizazi, iko kubwa kama kichwa ya mutoto. Amepoteza damu mingi sana. Leo tunatoa kizazi yote. Mungekuja mapema, tungetoa uvimbe peke yake."

Niliinua mikono yote miwili. "Mungu asifiwe!" nikasema kwa sauti, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. "Mungu asifiwe, asifiwe!"

Nataka kusema hapa nilivyohisi, kwa sababu sijapata kumwambia mtu. Nilihisi furaha. Haikuwa furaha ya kuchanganyikiwa. Ilikuwa furaha safi, ya kutua mzigo. Mtoto wangu hakuzini. Dada yangu aliyelala kaburini hakuwa na aibu, wala mimi niliyemlea. Machozi yalinitoka na kicheko kikanitoka pamoja nayo. Maneno mengine yote ya daktari yalikuwa yamefika masikioni na kusimama hapo hapo. Nilipogeuka kitandani nikamkuta ananitazama. Mume wake alikuwa ameinamisha kichwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Kabla hajatolewa nyuzi nilikuwa nimeshafika kwa mama mwenyekiti, nimemweleza kila kitu, uvimbe, ukubwa wake, kizazi kilichotolewa. Alilia kwa dhati kabisa, tukakumbatiana. Jumapili iliyofuata ilitangazwa kanisani kwamba dada yetu alikuwa mgonjwa tu, kwamba ametolewa kizazi lakini jina lake ni safi, na kwamba akipata nguvu kanisa litambariki upya yeye na mume wake, kwa shela na kwaya. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilipiga. Nikatumwa mimi nimpelekee habari hiyo.

Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, amekaa upande upande kwa sababu ya kidonda. Nikamweleza yote, nikiwa na haraka kama mtu aliyebeba zawadi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nani aliwaambia ya kizazi yangu?" akauliza.

Nikachota maharage machache kwenye ungo, nikaanza kuchambua nami.

"Kanisa yote inajua? Wanaume pia? Watoto wa kwaya?"

"Nilitaka wajue uko safi," nikasema.

Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi, mimi mtu mzima, nikamwomba msamaha kwa zile namba nilizosoma, kwa viatu nilivyoshika nje badala ya kuvunja mlango, kwa ndizi zangu. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Kisha akaninyanyua kwa mkono mmoja, mwingine ameshikilia tumbo.

"Ile ya namba nilikusamehe zamani, mama mudogo. Nilikusamehe nikiwa ningali kwa ile benchi. Ulikuwa unaogopa, nami nilikuwa naogopa." Alikaa tena kwenye mkeka, taratibu, akavuta ungo. "Lakini dokteri alisema sitazaa, na we ulicheka."

"Sikucheka, mwanangu. Nilikuwa namshukuru Mungu."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutazama."