Jina Lililobaki Kumbini

Niliondoka Ndanda kwa sababu ya maneno ya mteja. Alikuja kibarazani kwangu kupimwa gauni, na wakati nazungusha futi kiunoni mwake akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, "Umesikia? Huko juu Newala kuna mwali ametolewa kumbini hoi. Pumzi, wanasema."

Mwanangu Juma alikuwa mwali katika kumbi la jando huko Newala, kapelekwa na mjomba wake, kaka yangu wa tumbo moja. Na Juma ana pumu. Niliacha gauni la watu, nikaingia ndani, nikafungua kabati. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa palepale ilipokuwa siku mjomba alipokuja kumchukua.

Simu ya kaka iliita, haikupokewa. Nikapiga tena na tena. Mama wa mwali hafuati kumbini. Hukaa kwake akangoja siku wali watakapotolewa. Hayo nayajua vizuri kuliko wengi. Lakini mila haina pumu. Nikafunika cherehani, nikatia dawa mkobani, nikasimama barabarani kungoja gari.

Masasi nilifika jua likiwa kali. Gari la Newala lilikuwa halijajaa, na halikuwa na haraka ya kujaa. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Kondakta alinitazama akacheka. "Mama, tulia. Gari haliondoki kwa kukanyaga chini."

Nilikuwa nahesabu makosa yangu: niliacha kukagua begi, niliacha kumwambia kaka kwamba vumbi linamsumbua mtoto kuliko baridi. Miaka yote ya Juma nimeishi sikio moja kwenye cherehani, jingine kwenye kifua chake. Mara hii moja nimegeuza shingo, na pumzi imekatika.

Njiani tuliyaacha majabali ya Masasi nyuma, tukaanza kupanda uwanda wa juu wa Newala. Mikorosho ilikuwa inatoa maua na watu walikuwa wanaipuliza salfa, dawa yake ya unga. Vumbi lake lilitufikia hadi ndani ya gari. Nilifunga dirisha, nikabana pumzi, kisha nikagundua kwamba nimeibana muda mrefu mno, kama vile kwa kuacha kuvuta mimi ningeweza kumwachia yeye. Mtu akiingiwa na hofu hana tofauti na mlevi, na mimi nilikuwa nimelewa chakari.

Newala, nyumbani kwa kaka, nilimkuta wifi yangu, Mama Zuhura, anapepeta mahindi.

"Wifi! Karibu. Mbona ghafla? Kwema?"

"Kwema. Juma hajambo?"

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Tunashukuru," alisema, na macho akayashusha kwenye mahindi.

"Wifi, nimeuliza mtoto hajambo."

"Mambo ya kumbini mimi mwanamke nitayajulia wapi? Mngoje kaka yako. Yuko shamba, anapuliza."

Mtu asiye na hofu angesikia jibu la heshima. Mimi nilisikia msiba unaofichwa. Niliuacha mkoba, nikachukua dawa tu, nikafuata njia ambayo wanawake hawaifuati. Wifi aliniita kwa nyuma mpaka sauti yake ikapotea.

Kwenye kona ya njia palikuwa na matawi yaliyolazwa kuizuia, na mlinzi, mtu mzima, ameketi anachonga fimbo. Aliponiona alisimama.

"Hapo hapo, mama. Usivuke."

"Sivuki, baba. Mimi ni Mama Juma wa Ndanda. Nimemletea Juma dawa yake ya pumu. Mpe tu, nitarudi zangu."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Juma? Huku hakuna Juma."

"Juma, mpwa wa Baba Zuhura."

"Mama, nimeshasema. Juma hayupo tena."

Nilikaa kwenye mchanga nikalia, nikalia kwa sauti, na yule mlinzi akashika kichwa, maana kumlilia mwali ni uchuro. Sikujali. Nilimwita mwanangu kwa jina lake, mara nyingi, kuelekea kule nyuma ya matawi.

Kaka alikuja mbio kutoka shamba, salfa imemganda hadi kwenye nyusi. Wifi alikuwa amempelekea habari.

"Dada! Unamlilia nani?"

"Amesema Juma hayupo tena."

Alichuchumaa mbele yangu, akauliza polepole, "Dada, mimi kabla ya jando niliitwa nani?"

Hapo ndipo akili iliporudi. Kaka yangu aliingia kumbini na jina la utotoni akatoka na jingine, na siku nilipojisahau nikamwita lile la zamani mbele ya wenzake, baba alinitoza kuku. Jina la utoto huachwa kumbini. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto, na hofu ilikuwa imelifuta lote.

"Yule aliyeugua ni wa kumbi jingine," kaka alisema. "Ametibiwa, anaendelea vizuri. Na wako dawa anayo. Nilimnunulia kabla hajaingia. Anaivuta mwenyewe, hamsubiri mtu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeacha kuogopa?"

Nilikasirika. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikasirika, na hasira ile ilinitia aibu nilipoitazama vizuri. Niliumia kwamba mwanangu amepumua bila mimi.

Siku ya wali kutolewa ilipofika, nilikuwa uwanjani na akina mama wengine. Wali walikuja kwa mstari, nguo mpya, nyuso chini. Majina yakatangazwa. "Chilumba!" Jina la marehemu mjomba wetu. Hakuna aliyeitika upande wa wanawake, mpaka wifi aliponisukuma kwa kiwiko. "Mama Chilumba, pokea mtoto!"

Niligeuka kutafuta huyo Mama Chilumba ni nani. Ulimi ulianza na "Ju", nikaumeza. "Chilumba," nilisema, kwa shida. Akanyanyua uso. Alikuwa amekonda, macho yametulia.

Tukirudi, baada ya Masasi, aliniambia, "Mama, nyumbani nitalala kile chumba cha uani."

"Cha kuni?"

"Nitazitoa. Na ukija, Mama, uwe unapiga hodi."

Ndanda, asubuhi iliyofuata, nilimsikia anakohoa. Miguu ilinifikisha mlangoni pake kabla sijaiamuru, na mkono ukawa umeshagusa ubao. Nilisimama. Nilikuwa nimedhani miaka yote namlea mtoto. Kumbe nilikuwa nalea wawili, yeye na hofu yangu, na aliyenenepa ni hofu. Haijafa. Ilikuwa pale pale, inanisukuma mgongoni. Tofauti ni kwamba sasa nilijua si lazima niitii.

"Hodi, Chilumba."

Kikohozi kimoja. Kisha kimya.

"Ngoja kwanza, Mama, navaa shati."

Nikangoja.