Fishi za Muzee Bahati

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoona majina ya wafanyakazi wetu wote yamepangika kwenye kioo cha kompyuta, nikajiona nimefika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shati la kupigwa pasi, na kiburi cha kutosha watu watatu. Kampuni yetu ya malori ilianzia Goma na magari mawili. Sasa ilikuwa na ofisi Gisenyi, Kampala na Bujumbura, na wakubwa waliamua kila kitu kiingie katika sistemi moja: magari, bohari, watu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhamisha majina kutoka kwenye fishi, zile kadi ngumu za karatasi.

Fishi zilitunzwa na Muzee Bahati, mkuu wa wafanyakazi, mtu wa Masisi aliyesema polepole hadi ukatamani kumsukuma. Mbele ya kila fishi makao yaliandikwa kwa wino: Kibumba, Kiwanja, Kitshanga. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya penseli, yamefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imechakaa. Mimi niliona uchafu tu. Unawajua watu wetu: aliyekimbia vita ukimuuliza anakaa wapi, atakutajia kijiji chake, maana kutaja pengine ni kukubali kwamba hatarudi. Makao ya kweli yalikuwa yale ya penseli, na Muzee aliyapata kwa kuwatembelea.

Aliniambia nisiingize jina lolote kabla ya kumwona mwenye jina.

"Mutoto yangu, pita kwanza kwa batu," alisema. "Fishi haimalize yote."

Nikamjibu kwamba sistemi ina nafasi moja tu ya makao, na tarehe imeshapangwa. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao; mimi niliutupa hata kabla ya kuujaribu huo msala. Nikaingiza makao ya wino, tukanywa soda kusherehekea, kisha nikawagawia fishi akina mama wauzaji wa mtaa wa Murara wafungie karanga. Ndiyo, karanga. Cheka, una haki.

Miezi miwili haikupita, vita vikashuka kutoka Rutshuru. Kampuni ikatoa malori matatu ya kuvusha familia za wafanyakazi hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na madereva wakapewa orodha ya sistemi, yaani orodha yangu. Mmoja akapiga simu kusema barabara ya huko alikotumwa imefungwa na askari. Mwingine alifika kambi ya Kanyaruchinya, njiani kuelekea Kibumba, akakuta mahema matupu. Niliyemhofia kuliko wote ni Mama Furaha wa bohari, mjamzito wa miezi minane. Simu yake haikushika, na mashine ilisema anakaa Kibumba. Muzee naye alikuwa Bukavu kwa matibabu, hapatikani. Nilikimbia Murara nikiwaomba akina mama wanioneshe karatasi zao za karanga, wakaniangalia kama mwendawazimu. Fishi yake sikuiona.

Nilihangaika siku tatu, nikiuliza mtaa kwa mtaa. Ya tatu nilimpata Mama Furaha mtaa wa Ndosho, kwa shangazi wa mume wake, mwendo wa nusu saa kutoka bohari yetu. Alikuwa anaishi pale mwaka mzima. Milio ya risasi ilipozidi alitoka kwa miguu kuelekea Sake, akajifungulia njiani, na mtoto hakuishi; ndipo wakamrudisha kwa shangazi.

Nikaanza kujitetea, nikitaja sistemi na tarehe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, muliandika kwenye tulitoka," akasema. "Kwenye tuko, hakuna mwenye aliniuliza."

Nililia mbele ya wenye nyumba.

Sasa nasikia nawe umepewa kuhamisha kampuni nzima kwenye sistemi mpya, na moyo wangu hautulii. Siichukii mashine. Ila kabla ya kubonyeza, ondoka mezani. Mwendee mtu, keti kwake, muulize leo yuko wapi na nani yuko naye. Nafasi ya kuandika isipotosha, dai iongezwe, hata wakubwa wakikukunjia uso. Na mzee anayekuchelewesha, muulize anaogopa nini. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka mingi.

Mungu akupe sikio ambalo mimi sikuwa nalo. Ailinde nyumba yako na nyumba za wote uliowaandika, na siku milio itakapokaribia, kila mmoja wao afikiwe pale alipo.