Miguu ya Pikipiki ya Baba

Nikiona janti kuukuu ya gurudumu inauzwa, siulizi bei kwanza. Nauliza imetoka wapi. Wauza vyuma wa Kindu wamenizoea; wakiniona nakuja hunong'onezana na kucheka, maana nimekwisha kugeuza kila duara la chuma walilo nalo, nikalikwaruza kwa ukucha nione rangi ya chini, nikamkodolea macho mwenye mali kuliko nilivyoitazama mali yenyewe. "Mama, unatafuta janti ao unatafuta mwizi?" mmoja aliniuliza siku moja. Nilikuwa natafuta vyote viwili.

Wewe rafiki yangu, kama ulikulia penye amani, utaniona mgonjwa. Subiri nikueleze.

Baba alikuwa na pikipiki ambayo hapa mjini haikuwa na mwenzake. Aliachiwa na mzungu mmoja wa reli, aliyekuwa akiitumia Jumapili kwa mchezo wa ajabu: kupanda mawe na magogo polepole bila kugusa chini kwa mguu. Kiti chake kilikuwa kidogo tena chini kabisa, kwa sababu mwendeshaji husimama. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa na jembamba, la nyuma dogo na nene. Sisi watoto tulidhani wameikosea kiwandani. Lakini wakati wa mvua, barabara ya Kibombo ilipogeuka uji na malori yakalala matopeni wiki nzima, baba alipita amesimama, na jioni akatuletea mchele mpya. Mama aliupepeta uani huku makapi yakituingia puani, na tulikula wali kwa sombe ya majani ya muhogo iliyokolea mawese mpaka vidole vikang'aa. Nakuambia, sijala tena wali ule.

Kisha vita vikafika. Filimbi ya treni ikanyamaza. Mama alihamisha kinu ndani ya nyumba na kukiweka juu ya magunia, ili majirani wasisikie anatwanga wakajua tuna chakula. Sisi tulifundishwa kula bila kugonganisha sahani. Wenye silaha walichukua kila kitu chenye magurudumu, hata baiskeli za kubebea mihogo, na watu wa mtaa mmoja wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Mtu akikuuliza umeamkaje, ulijiuliza anataka kujua nini.

Baba akaifungua pikipiki. Wengi walifanya hivyo siku zile: kitu ukikitenganisha vipande na kuvilaza katika nyumba mbalimbali, hakuna wa kukichukua chote. Mwili wake aliuacha kwetu, nyuma ya kuni za jikoni. Magurudumu aliyafunga ndani ya mkeka aliousuka mama, akaenda nayo mwenyewe, mama akiwa shambani. Asubuhi alipoondoka kwa miguu kwenda Kibombo kututafutia mchele, alimwambia mama mlangoni, nami nilisikia: "Miguu yake iko kwa mwalimu. Usiambie muntu." Hakurudi. Hatukupata kaburi wala habari ya kweli.

Mwalimu alikuwa jirani yetu, yule wa shule ya msingi, ambaye ua wake ulipakana na wetu. Kabla ya vita tulikuwa tukila kwake, chakula cha mkewe, bila kuitwa. Mama alikwenda kumwomba ile miguu. Mwalimu akasema hakupewa kitu, akaapa. Baadaye ukaja uvumi kwamba baba alikamatwa njiani, kwamba kuna mtu aliyewaambia wenye silaha siku atakayopita. Mama akaunganisha mambo mawili. "Mwenye magurudumu njo aliuza baba yenu," alisema, yaani ndiye aliyemsaliti, na maneno hayo akayarudia mpaka yakawa kama sala ya nyumba yetu. Tusiingie kwa mwalimu. Tusimsalimie. Tusicheze na watoto wake. Nilikua nikichungulia kila kitu kipya kilichoingia kwao, bati, redio, viatu vya watoto, nikijiuliza kama kilinunuliwa kwa damu ya baba.

Sasa mama amezeeka, macho yake yamefifia, na miaka yote hii hajakubali ule mwili wa pikipiki uondolewe jikoni. Nilitaka aiguse imesimama kabla hajatuacha. Fundi alisema injini itaamka, ila janti zinazouzwa siku hizi hazikubali: upana wake haulingani na nafasi iliyoachwa kwenye mwili ule, na ile ya mbele, kubwa namna ile, hakuna anayeileta Kindu. Ndiyo sababu nikawa mgeni wa kila siku wa wauza vyuma. Nilijua pia kwamba nikizipata zile za baba, nitakuwa nimempata aliyemuuza, awe mwalimu au mwenzake wa siri.

Hatimaye mmoja wao akaniambia kwamba ng'ambo ya mto, kule Alunguli, kuna chuo cha Kurani kinachobadilishwa paa. Darini yameshuka magurudumu mawili ya ajabu, moja kubwa, moja dogo, na wenyewe wamekataa kuyauza. Nikavuka Lualaba. Nilikuwa nakwenda kumwona msaliti wa baba.

Nilimkuta mjane wa mwalimu wa chuo kile anachagua mchele uani. Nyuma yake, magurudumu yameegeshwa ukutani. Tairi zimepasukapasuka, janti zimeota madoa, lakini hazijapinda.

"Nimekuja juu ya yale magurudumu," nikasema.

"Magurudumu hakuna," akajibu bila kuinua uso.

"Janti basi."

"Janti pia hakuna."

"Mama, si hizi nyuma yako?"

"Hayo ni macho yako. Nani amekutuma?"

Nilimshuku, naye alinishuku zaidi. Hasira ikanipanda, nikapaza sauti: "Ni miguu ya pikipiki ya baba yangu!"

Akaweka ungo chini. "Miguu," akarudia. "Sasa njo umesema. Bwana yangu aliniachia neno: atakuja bibi ya mwenye pikipiki, ataomba miguu. Mwingine akiomba, kataa. Tulingoja mama yako mupaka tukachoka. Tukasema anatuzarau. Yeye ni mukristu, hataki kukanyaga kwa mwalimu."

Hapo ndipo nikaelewa. Baba alizaliwa katika nyumba ya Waislamu na alisoma chuoni pale utotoni. Kwake, mwalimu alikuwa mtu mmoja tu duniani, huyu wa chuo. Mama ni wa Pangi, mtoto wa kanisa. Kwake, mwalimu ni mwenye chaki. Walioana, wakazaa, wakalala kitanda kimoja miaka yote ile, na asubuhi ya mwisho neno moja likawapotezanisha. Nilimuuliza mjane ni nani basi aliyemsema baba kwa wenye silaha. Hakujua. Labda hakuna aliyesema, na uvumi ule ulikuwa uvumi tu.

Akanipa magurudumu pamoja na ule mkeka yalimokuwa yamefungwa. Nilipitia kwa fundi. Akazizungusha zile janti, akasema zitafaa. Nyumbani nilimweleza mama, na kwanza alinishuku mimi: nimelishwa maneno, mjane amefundishwa na mwenye chaki. Kisha vidole vyake vikaangukia mkeka. Akaupapasa kwenye pindo, mahali ambapo alikuwa akifunga ukili kwa namna yake mwenyewe.

"Bibi ya mwalimu wa hapa jirani alikufa," akasema.

"Zamani, mama."

"Sikuenda matanga."

Hatukwenda, kweli. Siku zile tulifunga madirisha, tukawasikia wakilia upande wa pili wa ua, na mama akatuamuru tuendelee kula.

Akajifunga kitenge kiunoni, akanishika bega, tukatoka. Kwetu aliyekosa matanga, hata ipite miaka mingapi, siku anayofika mara ya kwanza huingia analia. Kwenye mlango wa ua wa mwalimu mama akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele. Akamwita marehemu kwa jina la ujana wake, akaitaja mikono yake iliyompokea mtoto wetu wa mwisho, akamwomba asimgeuzie mgongo. Nami nililia. Nilimlilia baba, lakini zaidi niliwalilia wale watoto wa mwalimu ambao sijui hata wamekwenda kuishi wapi, na mama yule aliyekufa bila kujua alitukosea nini.

Watu wakaja mbio, wengine viatu mkononi, wakiulizana nani amefariki. Mwalimu alitoka akijishikilia ukutani. Alisita, akamtazama mama kwa macho ya mtu anayepima neno, na haki ya kushuku alikuwa nayo. Kisha akarudi ndani, akatoka na kiti, akakiweka karibu na mama.

"Leo hakuna muntu amekufa," akawaambia watu. "Tunalia bibi yangu. Huyu dada yake alikuwa mbali, sasa njo amefika."