Mara Tatu Aliitwa Arudi

Mdogo wangu alifia kwenye maporomoko ya maji, ndani ya hifadhi, Jumapili moja yenye jua kali. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama, na simu yake ilikuwa mkononi mwangu. Hilo watu wengi Kariakoo wanalijua. Wasichokijua ni maneno niliyoyasema baadaye, nikiwa nimekaa kwenye kiti ofisini, na hayo ndiyo yananifanya niandike.

Tulikuwa na duka la vitenge, mimi na yeye. Yeye ndiye aliyetangulia kushuka kutoka Kilimanjaro, akaanza kwa kutembeza soksi barabarani mpaka akapata fremu yake ya duka. Ndoa yangu ilipovunjika akaniita. Nilimzidi miaka minne, lakini dukani yeye ndiye alikuwa mkubwa. Alinifundisha kukunjua jora kwa mkono mmoja, na kumjua mnunuzi wa kweli kwa namna anavyosugua kitambaa kati ya vidole.

Alikuwa mtu asiyeogopa, na sisi nyumbani tulimpenda kwa hilo. Masika yakija, bonde la Jangwani linajaa maji, na kila mara utasikia kuna aliyejaribu kuvuka akachukuliwa. Mwaka mmoja mdogo wangu alivuka maji ya kiunoni na mzigo kichwani, akafika dukani amelowa chapachapa, anacheka. Nilimpa taulo na chai. Sikumwambia neno. Kusema kweli nilijisikia fahari.

Safari ya hifadhini ilikuwa wazo la wenye maduka wa mtaa wetu. Tunauza vitambaa vyenye picha za tembo na twiga kutwa, na wengi wetu hatujawahi kumwona tembo. Tukakodi basi dogo la Kosta, tukalala Morogoro Jumamosi, asubuhi tukafika getini. Mimi nilichaguliwa mkuu wa msafara kwa sababu najua kuhimiza watu. Pembeni yangu alikaa jirani yangu wa duka la khanga, mama wa Kipwani mwenye umri wa mama yangu, ambaye ukoo wake umekuwa katika mji huu tangu Kariakoo haijawa na ghorofa hata moja. Kila asubuhi mimi humwamkia shikamoo kabla sijafungua mlango wangu.

Getini tulipokelewa na askari wa hifadhi, binti wa miaka ishirini na kitu, buti zimemzidi miguu. Alitukusanya kwenye uwazi usio na kivuli, akaanza kutueleza. Leo nayakumbuka maneno yake yote.

“Kule juu mvua inaweza kunyesha na hapa jua linawaka,” alisema. “Mto ukija haupigi hodi. Mkiona maji yamebadilika rangi, au sauti yake imebadilika, msiulizane, pandeni juu. Kamba ya njano msiivuke. Na kila mtu amwangalie mwenzake, kwa sababu mimi niko mmoja.”

Mdogo wangu akamwambia, “Binti, sisi ni watu wa mlimani. Tumekulia kwenye mito. Maji tunayajua.”

Watu wakacheka. Yule binti hakucheka. “Mto huu haukujui wewe, baba,” akamjibu kwa sauti ya chini.

Kisha akatoa fomu ili kila mtu asome na kusaini mwenyewe. Jua lilikuwa linanichoma utosini na nilitaka tufike. Nikamwambia, “Mwanangu, tumeelewa. Lete nisaini kwa niaba ya wote, tusichelewe.”

“Utaratibu ni kila mmoja asome, mama.”

“Watu wazima hawa. Mimi ndiye mkuu wao.”

Alisitasita, akaniangalia, akanipa kalamu. Nikasaini bila kusoma.

Tulipanda kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Maporomoko yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia, maji meupe yanaanguka kwenye bwawa, na chini yake mto unapita kati ya mawe makubwa. Kamba ya njano ilifungwa kutoka mti hadi mti, ikiwa na kibao cha kukataza. Wengine walikaa kula maandazi. Mdogo wangu akanipa simu yake, akainama, akapita chini ya kamba, akaruka mawe mawili matatu mpaka akasimama kwenye mwamba katikati ya mto.

“Dada, nipige moja, maji yaonekane yote.”

Askari akaita, “Baba, rudi huku.”

“Moja tu.”

Niliangalia kwenye kioo cha simu. Kichwa chake kilikuwa kinaziba maji. Nikamwambia, “Sogea nyuma kidogo.” Akasogea. Askari akaita mara ya pili, safari hii akija mbio kando ya kamba. Nikamwambia mdogo wangu asogee tena kidogo, upande wa kushoto. Askari akaita mara ya tatu, na hapo nikaona kwenye simu maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikafikiri ni simu. Nikakifuta kioo chake kwa ukingo wa kitenge changu.

Kisha nikaisikia sauti. Si kwamba iliongezeka, bali ilishuka, ikawa nzito kama lori linalopanda mlima. Askari akapiga kelele watu wote wapande juu, na watu wakapanda, wakiacha viatu na vyakula. Mdogo wangu aligeuka kurudi, lakini yale mawe aliyoyakanyaga kuja hayakuwepo tena. Maji yalikuwa yameyafunika.

Yule binti hakupanda. Alichukua kamba yake ya kuokolea, akajizungushia begani, akaizungusha mtini, akamrushia ncha ya pili. Mara ya kwanza haikufika. Mara ya pili mdogo wangu aliidaka, akaishika kwa mikono miwili, akanitazama mimi. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika, kama mtoto aliyevunja kikombe. Gogo likaja na maji, likampiga miguuni. Kamba ilikaza, binti akavutwa akajibamiza mtini, bega likachomoka. Nilipotazama tena mwamba ulikuwa mtupu, na baada ya muda mfupi hata mwamba haukuonekana.

Wanakijiji walimpata Jumanne, mbali chini ya mto.

Tulimzika nyumbani, mgombani, karibu na baba. Baada ya mazishi baba yetu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikaa na wanaume, akasema mtu hafi hivihivi, kuna mtu alikuwa na kazi ya kumzuia. Wifi yangu, mke wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka na watoto wake wawili. Alikuwa akinitazama tu, kila nilipopita, kama anayesubiri nimletee maji.

Wiki chache baadaye tukaitwa kwenye kikao cha uchunguzi, katika ofisi moja huko Posta, ghorofa ya nne. Kabla hatujapanda, baba mdogo alinivuta pembeni ya ngazi.

“Wataulizia kama mlionywa,” alisema. “Ukisema mlionywa, unamwambia mjane kwamba mumewe alijiua kwa ujinga. Na watoto watakuja kuambiwa hivyo shuleni. Utaweza?”

Sikuweza.

Yule binti alikuwa ndani, mkono umefungwa kitambaa shingoni, buti zimepigwa rangi. Mwenye kikao aliuliza kwa upole, kwa sababu nilikuwa mfiwa. Akaniuliza kama tulipewa maelezo ya usalama kabla ya kupanda.

“Tulipewa karatasi, nikasaini,” nilisema.

“Maelezo ya mdomo je? Kuhusu mto, kuhusu kamba?”

“Sikumbuki.”

“Alimwita marehemu arudi?”

“Kulikuwa na kelele za maji. Sikusikia.”

Binti alinigeukia. Nilitegemea kuona hasira, lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyepotea njia anayemtazama mwenyeji. Alipoulizwa kwa nini fomu moja imesainiwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote, alijibu, “Ni kosa langu.” Hakusema nilimshurutisha. Wiki iliyofuata nikasikia ameachishwa kazi.

Nilirudi dukani. Wateja walinipa pole, nikapokea. Siku moja jirani yangu wa khanga aliingia, akakaa kwenye kigoda, akasubiri mteja atoke.

“Mwanangu, nimesikia uliyoyasema Posta,” alisema. “Ulisikia. Mimi nilikuwa juu nakula, na nilisikia.”

“Mbona hukusema, mama?”

“Sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema. Wewe uliulizwa.”

Akanyanyuka, akaenda kwake. Tangu siku hiyo nikimwamkia huitikia marahaba, lakini haniulizi tena nimeamkaje.

Nilikaa na jambo hilo miezi mitano. Kisha nikaenda tena kwenye ile ofisi, nikamwambia karani nataka kubadilisha maelezo yangu. Akanisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kuniambia jalada limefungwa. Nikamwambia nilisema uongo. Akatazama huku na huku, akaniambia, “Mama, nenda nyumbani. Ukiandika hivyo unajitia matatani mwenyewe, na yule binti nafasi yake imeshajazwa.” Nilirudi siku nyingine nikiwa na barua. Waliipokea, wakaigonga muhuri. Hakuna aliyenijibu mpaka leo.

Dereva wa Kosta alinisaidia kuipata namba ya yule binti. Nilimpigia mchana, duka likiwa tupu. Nikajitambulisha.

“Unataka nini, mama?”

“Nataka kukuomba radhi.”

“Bega halinyanyuki,” alisema. “Niko kwa wazazi. Kazi zote ninazozijua zinataka mabega. Huwa najiuliza kama ningempigia kelele zaidi.”

“Ulifanya yote. Sisi ndio hatukukusikiliza. Nisamehe.”

“Nimekusamehe,” alisema, “ili ukate simu.”

Nikakata. Nilipojaribu tena mwezi uliofuata, namba haikupatikana.

Mwaka huu wenye maduka waliandaa safari nyingine, hifadhi nyingine yenye chemchemi za maji ya moto na miamba. Walikusanyika Mnazi Mmoja kusubiri gari. Nilitembea kutoka dukani nikawakuta, nikawaomba dakika mbili. Nikawaambia askari akisema usivuke, usivuke. Kwamba askari hawana mikono ya kututosha sote, na kila mmoja wetu ni mlinzi wa kwanza wa roho yake na ya aliye karibu naye. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia marehemu asogee nyuma. Hilo la mwisho sikuwa nimelisema mbele ya watu kabla ya siku hiyo. Mmoja akanishika mkono, akasema, “Pole sana dada. Tutakuwa makini.” Jioni picha zikaingia kwenye grupu letu la simu. Katika mojawapo vijana watatu wamekaa juu ya kibao cha tahadhari, miguu inaning'inia upande wa korongo, wanacheka. Watu walikuwa wameshaweka vidole gumba vya kusifu.

Niliona kwamba habari ya Mnazi Mmoja itamfikia wifi kwa midomo ya watu, basi nikaenda mwenyewe. Anakaa Upanga, kwenye nyumba ile ile aliyopangishiwa na marehemu. Nilimkuta anapiga pasi sare za watoto. Nikakaa, nikamwambia yote, tangu getini.

“Alionywa?” akauliza.

“Mara tatu.”

“Na wewe ulikuwa unafanya nini?”

“Nampiga picha. Nilimwambia asogee nyuma.”

Alisimamisha pasi, akaichomoa kwenye umeme, akakunja shati alilokuwa anapiga ingawa halijaisha. Nilisubiri alie au anifukuze.

“Wifi,” alisema, “mimi nilikuwa na mtu wa kumchukia. Mtu nisiyemjua hata jina. Nilikuwa nalala na kuamka kwa sababu yake. Sasa umemwondoa, umeniletea wewe na mume wangu. Nifanye nini na nyie?”

Nilimwambia sikuweza kuendelea kukaa na uongo.

“Kwa hiyo umekuja kupumzika,” alisema. “Umeshapumzika?”

Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli. Mtoto mkubwa alitokea mlangoni na daftari, akaniamkia. Mama yake akamwambia arudi chumbani.

Mwisho wa muhula aliwahamishia watoto Arusha, kwa ndugu zake. Baba mdogo alinipigia mara moja tu, akasema nimemzika marehemu mara ya pili, na siku hizi mikutano ya ukoo naisikia ikiwa imeshapita. Duka bado ninalo. Asubuhi nafungua, napanga majora kwa rangi kama alivyopenda yeye, nawauzia watu wanaosafiri. Simu yake ipo kwenye droo, imezimwa. Picha zimo, sita au saba, na wifi hajawahi kuniomba nimpe.