Kinanda cha Mzee Silivesta

Nilianza na redio moja ya betri. Leo nina spika nane na jenereta, na nilikuwa nikijitapa kwamba hakuna sherehe Ngara hii inayoweza kunishangaza.

Jumamosi Mzee Silivesta wa Kanazi na mkewe walikuwa na jubilei ya ndoa. Walitaka wimbo wa Kizungu wa miaka ya themanini, uleule waliochezea harusini. Nikauweka. Hawajacheza hata kidogo, mzee akasimama.

“Kijana, hicho kinanda sicho. Chetu kilikuwa kinalia kama kengele ndogo. Hiki kinanguruma kama lori la Rusumo. Wimbo huu umerudiwa.”

Kijana! Mimi na mvi zangu! Nikashika maikrofoni. “Mzee wangu, heshima yako, lakini masikio nayo huzeeka. Huu ndio wenyewe. Nikikosea, soda za watu wote nalipa mimi.”

“Basi leo uache uishe,” akasema, maana sisi wapiga muziki hukata wimbo kabla ya mwisho.

Kwa kiburi nikauacha. Kinanda kikanyamaza, mwimbaji akaanza kuongea Kizungu. Jamani, alikuwa na haja gani ya kuongea? Mimi natikisa kichwa kama ninayeelewa. Binti yao, mwalimu wa sekondari, akaninyang'anya maikrofoni huku akicheka.

“Anasema asanteni kwa kuupenda wimbo huu miaka arobaini, ndiyo maana ameurekodi upya!”

Zile soda zilinigharimu shilingi laki moja na elfu themanini na sita.