Tetemeko la Karai la Nekesa

Jamani, leo nimemliza mjukuu kwa elimu. Nicheke au nijilaumu?

Asubuhi nilimweleza Nekesa, ana miaka saba, kwamba kuna nchi ambako maji taka ya visima vya mafuta husukumwa chini sana ardhini, na yameleta matetemeko.

Baadaye mtambo wa kushindilia barabara ukapita nje. Nyumba yetu ya Ziwani ikatikisika, vikombe vikagongana.

Nekesa akaja mbio, analia.
"Babu, ni mimi! Nimemwaga maji ya kufua kwenye mtaro!"

Nikamwonyesha mtambo. Nikaeleza kwamba maji ya mtaroni hayafiki chini kiasi hicho. Akazidi kulia.

Basi nikaacha maelezo. Nikajaza karai, tukamwaga pamoja mtaroni, nimemshika mkono.
Ardhi haikutikisika.
"Tena, Babu."

Bibi yake, mlinzi mkali wa maji ya mgao, ndiye aliyetuletea maji ya karai la pili.