Siku Niliyomtazama Haboba Usoni

Mwalimu wetu wa uchoraji aliipanga michoro yangu yote sakafuni, akaizunguka mikono ikiwa nyuma. Darasa lilikuwa limekwisha toka. Mimi nilibaki karibu na mlango nikitazama viatu vyake. Vilikuwa na vumbi jekundu, maana kila asubuhi alikuja shuleni Mvara kwa baiskeli kutoka upande wa Adumi.

"Hii ni mama yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hii?"

"Mjomba."

"Na hii iko mpishi ya shule, naona sufuria."

"Ndiyo, mwalimu."

Alichuchumaa. "Mama yako iko na magoti mazuri sana. Mjomba, hata kucha yake ya kuvunjika naona. Lakini uso iko wapi? Kila mutu umempa yai."

Ilikuwa kweli. Magoti, miguu, pindo la gauni, mikono iliyolala mapajani, vyote vilikuwa hai. Juu ya shingo kulikuwa na duara lenye macho mawili yanayofanana, kama yale ya mtoto wa darasa la kwanza. Sikujua kwa nini. Yeye alijua kabla yangu.

"Wewe hauchori watu," alisema taratibu. "Wewe nachora salamu."

Kwetu msichana akimsalimu mkubwa hupiga magoti na kuinamisha kichwa. Ukiulizwa jambo, unajibu ukitazama chini. Wasichana wengine huiba jicho kidogo wakati wa kuinuka, lakini mimi ni mwenye haya tangu utotoni na sikuiba hata mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wakubwa wote wa maisha yangu niliwajua kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mwalimu akaniambia kwamba wanafunzi watakaochukua uchoraji kwenye mtihani wataandikwa shule ikifunguliwa. Nilete uso mmoja, wa mtu mzima, niliouchora mtu huyo akiwa ameketi mbele yangu. "Ukileta magoti tena, nakupeleka kwa mwalimu wa ushonaji. Sikukasirikii. Ila mtihani nataka uso."

Siku ile niliandika katika daftari langu mstari mmoja tu: Wakininyang'anya mkaa nitakuwa bubu. Niliona aibu kwa maneno makubwa namna hiyo, lakini sikuyafuta. Darasani sauti yangu haifiki dawati la pili. Ni nikishika mkaa tu ndipo ninapoweza kusema jambo mpaka mwisho.

Mkaa wenyewe nilijitengenezea. Unakata vijiti vyembamba, unavimenya, unavipanga katika mkebe wa maziwa ya unga, unaziba kifuniko kwa udongo na kuacha tundu dogo, kisha unauzika mkebe katika makaa ya sigiri. Moshi ukikoma kutoka tunduni, vimeiva. Karatasi nilipata kwenye mifuko ya simenti, zile za ndani, za kahawia. Mwanzo nilizionea haya, mpaka mwalimu aliponionyesha kwamba rangi yake iko karibu na ngozi yetu, hivyo nusu ya kazi imekwisha fanyika. Kufuta ilikuwa shida. Vitabu vinasema ufute kwa mkate, na miaka hii mkate tunausikia tu, kama sukari na sabuni. Mimi nilifuta kwa enya, ugali wetu wa muhogo. Ukilifinyanga tonge mpaka likauke kidogo, linanyonya mkaa vizuri.

Tulipofunga shule mwalimu aliniazima pia boksi la pasteli alilopewa na padri mmoja wa Ombaci. Pasteli ni kama chaki, lakini laini zaidi, na rangi yake inashika vidoleni kama chavua ya maua. Vijiti vyote vilikuwa vimeisha nusu, isipokuwa kimoja cha bluu ya kukolea. Hicho kilikuwa kizima na ncha yake haijaguswa. Hata mimi sikuona kazi yake. Katika uso wa mtu mweusi bluu utaiweka wapi?

Nikapanda lori la tumbaku kwenda Koboko kwa mama yake baba, Mnubi, ambaye sote tunamwita Haboba. Nilimchagua kwa sababu moja ambayo si ya kishujaa: miguu ilikuwa inamuuma na hakuweza kunikimbia.

Haboba alikuwa akisuka kawa barazani, na ukindu wa rangi umemzunguka. Nilipiga magoti nikasalimu. Magoti yake niliyajua vizuri. La kulia lilikuwa limevimba kuliko la kushoto chini ya gurbaba, kile kitambaa chake cha kujifunga chenye maua.

"Mke mwenzangu amekuja," alisema. Ndivyo anavyonitania, kwamba tumeolewa na babu mmoja. "Unakula nini huko Mvara? Mbona mume wetu atakukataa, mifupa tupu."

Ilinichukua siku tatu kumwambia nilichotaka. Nilimwambia nikiwa nachambua bamia, nikiiambia bamia.

Akamaliza mzunguko wa ukindu. "Mimi iko mutu ya kusali," alisema. "Picha ya uso haiwezi kukaa mahali nasali."

"Haitakaa, Haboba. Nitaipeleka shule."

"Na hawa wa shule watafanya nini na uso yangu?"

"Wataona kama najua kuchora."

"Na unajua?"

"Nyuso sijui."

Hapo akacheka mpaka kawa ikamdondoka. "Basi njoo uharibu uso yangu. Imeharibika zamani."

Kesho yake asubuhi nilikaa mbele yake, ubao mapajani. Niliinua macho. Yalifika kwenye shanga za shingoni yakarudi. Nikajaribu tena, yakafika kidevuni. Mkaa ukanivunjikia. Nilikuwa tayari nimeanza kuchora magoti.

"Naona unaogopa," alisema. "Sikiliza. Mimi nafumba macho. Mutu akilala, hata mtoto naweza kumtazama. Si ndiyo?"

Akafumba. Na mimi, kama mwizi aliyekuta mlango wazi, nikatazama.

Sijui niseme vipi. Nilidhani uzee ni mikunjo tu. Kumbe paji lake la uso lilikuwa laini kama la msichana, na mikunjo yote imekimbilia pembeni mwa macho na mdomo, mahali pa kucheka. Kwenye pua kulikuwa na tundu la kipini ambacho sikuwahi kumwona nacho. Kwenye shavu la kushoto kovu jembamba lililopinda. Kivuli chini ya mfupa wa shavu kilishuka polepole mpaka kikapotea, na sikuona mahali kilipoishia. Niliulaza mkaa ubavu nikausugua, nikafuta kwa enya pale mwanga ulipogusa, na uso ukaanza kutoka kwenye karatasi ya simenti kana kwamba ulikuwamo muda wote. Nilisahau haya. Nilisahau hata kwamba nina mwili. Kuku akaja akadonoa kifutio changu akaondoka nacho, na sikumfukuza.

Shangazi, anayeishi na Haboba, alirudi kutoka sokoni. Akasimama nyuma yangu akatazama ubao. Kikapu kikamtoka.

"Inna lillahi," alisema. "Nani amekufa?"

Nikatazama nilichochora, na mimi nikaona. Kichwa kimeegemea, macho yamefumba, midomo imelegea kidogo. Nilikuwa nimemchora Haboba vile anavyoweza kulazwa siku ile ambayo hakuna kati yetu aliyetaka kuitaja.

"Weka hii kwa moto," shangazi aliniambia. "Wewe mtoto, weka kwa moto sasa hivi. Unaitia nyumba mkosi."

"Leteni nione maiti," alisema Haboba, amefumbua macho. Akaishika karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Kumbe nimekufa, na chai yangu iko inapoa."

"Mama, si mzaha."

"Najua si mzaha, binti yangu. Weka kwa moto, mtoto, shangazi yako asilie."

Niliiweka kwenye sigiri mwenyewe. Karatasi ya simenti haiwaki haraka. Ilijikunja kwanza kwenye paji la uso, na mimi nikajiambia: basi ni ushonaji. Uso mmoja tu niliopata kuuchora nimeuchoma kwa mkono wangu.

Nilianza kufunga vitu vyangu. Haboba akagonga mkeka kwa kiganja. "Unaenda wapi? Kaa."

"Nimekosea, Haboba."

"Tumekosea wote. Mimi ndiye nimefumba. Kaa, nitafumbua." Kisha akasema jambo ambalo naliandika hapa kama alivyolisema. "Unajua wewe, mke mwenzangu, mimi najua utosi yako tu. Miaka kumi na tano unakuja, unainama, naona utosi, unaondoka. Mstari ya nywele iko katikati, kuna kidonda kidogo ya zamani. Hiyo ndiyo mjukuu yangu. Inua kichwa na mimi nione."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Nilikuwa nimewapa watu wote utosi na kuwalaumu kimoyomoyo kwamba hawanijui.

Niliinua kichwa. Shanga, kidevu, tundu la kipini. Na macho.

Macho ya Haboba yana bluu.

Si mboni nzima. Katikati ni kahawia nyeusi, kama chai kavu isiyo na maziwa. Lakini kuzunguka kahawia hiyo kuna pete nyembamba ya bluu yenye ukungu, kama mbingu ya Koboko asubuhi mvua ikikaribia. Pande zote mbili. Macho hayo yalikuwapo kila likizo, futi mbili juu ya kichwa changu, na sikuyajua. Nilihisi kitu kifuani ambacho siwezi kukiita furaha. Kilikuwa karibu na hofu, ila sikutaka kiishe.

"Nini?" aliuliza.

"Macho yako, Haboba. Kuna bluu."

"Uzee hiyo. Hata mama yangu alikuwa nayo." Hakuacha kunitazama. "Na wewe uko na nyusi ya baba yako. Maskini. Nilidhani umeponea."

Nikachukua karatasi nyingine nikachora uso wote upya kwa mkaa, kisha nikafungua boksi nikatoa kile kijiti kizima cha bluu. Nilikivunja ncha kwa ukucha, maana pete ilikuwa nyembamba mno, nikaigusa karatasi mara nne tu, mbili kila jicho. Macho yakageuka yakanitazama kutoka kwenye ubao. Shangazi, aliyekuwa amekaa mbali akijifanya anachambua mchele, alisogea mkeka kwa mkeka mpaka akawa begani kwangu.

"Huyu sasa," alisema mwishoni, "huyu ataniuliza kwa nini nimechelewa sokoni."

Haboba hakutaka kuitazama sana. Alisema ameona vya kutosha, akanipa kitambaa niifunge, uso ukiwa ndani, na kunikumbusha isikae chumbani anaposalia. Ilikaa jikoni, juu ya magunia, mpaka nilipoondoka. Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti kama kawaida na kutazama chini kama kawaida, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa na sitaki kuacha. Akaniwekea kiganja utosini. "Hii naijua," alisema.

Shule ilipofunguliwa mwalimu alikifungua kitambaa juu ya meza yake. Nilitazama viatu, vumbi ni lile lile. Akaipeleka dirishani, akairudisha.

"Hii bluu," alisema, "umetoa wapi? Macho ya mutu mweusi iko na bluu?"

Sauti yake haikuwa ya kukubali. Niliona kalamu yake juu ya orodha ya majina, haijaandika. Nilijua kwamba nikijibu nikitazama sakafu, hataamini.

Nikainua kichwa. "Iko, mwalimu. Nimeona."

Alinitazama, kisha akaandika jina langu. Alipokuwa ameinama kuandika, mimi sikuinama. Mwalimu wetu ana kovu dogo jeusi chini ya jicho la kushoto, mviringo kama punje ya ufuta. Miaka miwili alikuwa akinifundisha.